Mama wa Mapicha

Mji ulipoanguka sikuogopa mabomu. Nasema uongo: niliyaogopa sana, nililala chini ya meza ya dawa nimekumbatia kopo la pamba kana kwamba pamba inazuia kitu. Lakini bomu lina sauti, na mwenye masikio hujua limeangukia wapi. Kilichonitisha zaidi ni asubuhi ile yalipokoma. Barabara ya Rutshuru ilinyamaza, pikipiki zikanyamaza, hata jogoo wa majirani hawakuwika. Nikajua waasi waliokuwa wanakuja wameshafika.

Kituo chetu cha afya kiko kaskazini mwa Goma, unapokaribia Munigi, pale nyumba zilipojengwa juu ya mawe meusi ya volkano. Juu ya bati tulikuwa na msalaba mwekundu mkubwa, na langoni kibao chenye picha ya bunduki iliyokatwa kwa mstari. Chini ya kibao alikaa mlinzi wetu, Papa Kambale, mzee mkaidi kama msumari uliopinda. Miaka yote hakuna aliyempita na silaha, awe kanali, awe polisi wa barabarani. Bunduki zilibaki nje zimeegemea ukuta, na yeye anaziangalia kwa dharau kama viatu vyenye matope.

Daktari alikuwa amekwenda hospitali kubwa kusaidia upasuaji, akakatiwa njia hukohuko. Nikabaki mimi, Kahindo, muuguzi, nikiwa mkubwa wa kituo. Nilikuwa na Dative, mkunga wetu, na wagonjwa walioshindwa kukimbia. Na nilikuwa na Cirimwami.

Cirimwami alikuwa sajini wa jeshi la serikali. Risasi ilikuwa imevunja paja lake. Wenzake walimleta juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea viazi, wakamshusha mlangoni na kukimbilia ziwani. Tulimfunga mguu kwa mbao mbili, tukamtundikia dripu. Kila alipougulia alituomba msamaha kwa kutusumbua. Mtu wa namna hiyo unatamani awe na kiburi kidogo, ili ukimpoteza usiumie sana.

Sasa niseme jambo ambalo lilifanya siku ile iwe mbaya zaidi kwangu kuliko kwa Dative. Kabla ya vita hivi kurudi, wakati ule wa mapatano, shirika letu la huduma ya kwanza lilinituma kuwafundisha wapiganaji sheria ya vita. Nilikuwa na turubai lenye picha, lililokunjwa kama mkeka. Nililitundika kwenye mikaratusi kando ya barabara ya Rutshuru, mbele ya watu wenye silaha wa kila upande kwa zamu yao, na kwa fimbo nikawaonyesha: huyu ameumia, si adui tena. Huyu ameinua mikono, usimpige. Hii ni nyumba ya wagonjwa, usiingie na bunduki. Niliwaambia kwamba mataifa yote ya dunia yalikaa pamoja, yakaandika mambo haya, yakatia sahihi, na letu limo. Walisikiliza vizuri, kwa sababu baada ya somo kulikuwa na maharage.

Mara nyingi mmoja aliuliza, "Mama, na bale bengine, banafundishwa pia?"

"Nilitoka kwao wiki iliyopita," nilijibu, na wote wakacheka.

Picha ya mwisho niliipitisha mbio, maana maharage yalikuwa yameshaanza kunukia. Ilimwonyesha mateka aliyejeruhiwa amebebwa kwenye machela, na ubavuni mwake muuguzi na begi lake. Nilisema, "Mateka anatunzwa, muuguzi anamfuata," nikakunja turubai, tukala.

Niliyaamini yale. Niliamini kwa moyo wote, chini ya mikaratusi, tumbo likiwa limeshiba. Asubuhi ile kituoni yakaja maneno kwamba upande wa pili wa mji majeruhi wametolewa vitandani. Hakuna aliyeona, kila mmoja alikuwa ameambiwa. Miguu yangu haikungoja ushahidi. Ilinipeleka yenyewe kitandani kwa Cirimwami, na kutoka hapo niliwaza kwa miguu.

"Tumufiche," nikamwambia Dative. "Tumupeleke kwa bamama benye kuzala."

Dative alinitazama. "Mama Kahindo, si ni weye unafundishaka basoda kama mutu mwenye kuumia haiko tena adui?"

"Njo miye," nilikubali.

"Sasa?"

"Sasa sheria iko ku turubai, Dative. Miye niko hapa."

Cirimwami mwenyewe alikataa. Alishika mkono wangu kwa nguvu iliyonishangaza. "Mama, hapana. Miye ni sergent. Bakinikuta na manguo ya bamama batasema niko espion, mupelelezi. Acha nilale na uniforme yangu, banione vile niko."

"Na bakikuona vile uko, batafanya nini?"

Hakujibu. Nilichukua kimya chake kuwa ruhusa. Tulimvua sare, nikaitupa mwenyewe ndani ya choo cha shimo, tukamvika kitenge na kumfunga kitambaa kichwani hadi kwenye nyusi. Tukambeba hadi chumba cha wazazi, kitanda cha mwisho, uso ukutani. Mle mlikuwa na akina mama watatu. Mmoja wao, Nyiramahirwe, alikuwa amejifungua mapacha, mkimbizi kutoka upande wa Rutshuru ambaye maishani mwake alikuwa amekimbia vita nyingi kuliko miaka niliyosoma. Hakuuliza kitu. Alimchukua mtoto mmoja, akamlaza kifuani mwa sajini, akarudi kitandani kwake na yule mwingine.

"Mutoto wangu atamulinda," alisema.

Nilitaka kulia lakini hapakuwa na nafasi. Langoni nilisikia sauti ya Papa Kambale.

"Bunduki ku ukuta, tafazali."

Nilifumba macho nikingoja mlio. Nikawaza juu ya mke wake, nani ataenda kumwambia. Kisha nikasikia chuma kikigusa jiwe, mara moja, mara nyingine, mara nyingine tena. Walikuwa wanaziegemeza. Ningepaswa kufurahi. Badala yake hofu ilizidi, maana mtu anayekutendea jambo usilolitegemea hujui atatenda nini baadaye.

Waliingia watatu. Aliyetangulia alikuwa na fimbo ya ukamanda na koti la mvua. Alisimama mbele yangu, akainamisha kichwa upande, kisha uso wake ukafunguka.

"Mama wa mapicha!" alisema. "Bado uko muzima?"

Nilimtambua. Josias. Katika masomo yangu tulikuwa na mchezo: mmoja analala chini kama majeruhi, mwingine anamkuta, anamuuliza yeye ni nani. Majeruhi anasema jina lake na cheo chake, basi, na yule mwingine lazima amhudumie. Siku ile mvua ilikuwa imenyesha na hakuna aliyetaka kulala kwenye matope. Josias alilala. Wenzake walimcheka hadi wakashika mbavu, naye akabaki palepale, akasema jina na cheo kwa sauti ya mtu anayeomba kazi.

"Niko na ordre, amri ya bakubwa," alisema sasa. "Basoda bote ba serikali tunabakusanya. Mu centre yako kuko?"

Hapo ndipo ningesema ukweli. Mlango ulikuwa wazi, na aliyeufungua ni yeye, kwa zile bunduki alizoziacha ukutani. Ulimi wangu ukapita dirishani.

"Hakuna."

"Hata moja?"

"Hata moja. Ni raia tu."

Alinitazama kidogo. "Sawa. Utanionyesha."

Nikamwonyesha. Wodi ya kwanza, wazee na watoto. Ya pili, mama aliyekatwa na vipande vya bati. Nilikuwa naongea bila kukoma, naeleza magonjwa ambayo hakuna aliyeniuliza, na jasho linashuka mgongoni kama mtu amenimwagia chai. Tukafika chumba cha wazazi. Dative alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Papa, hapa banaume habaingiaka."

"Najua," Josias alisema. "Nitabasalimia ku mulango."

Akawasalimia. Aliwapa pongezi, mmoja baada ya mwingine, na kusema kweli alikuwa na adabu kuliko baba wengi wanaokuja kutazama watoto wao. Kisha akatazama chini ya vitanda. Niliyafuata macho yake hadi kitanda cha mwisho.

Kwetu mama hajifungui bila beseni na termosi. Anaweza kukosa shuka, anaweza kukosa mume, lakini beseni la kumkanda kwa maji ya moto na termosi ya kuweka maji hayo havikosekani. Nyiramahirwe alikimbia vita ameacha shamba, nyumba na mbuzi, lakini termosi aliifunga mgongoni kama mtoto. Chini ya kila kitanda mle ndani kulikuwa na beseni. Juu ya kila kigoda, termosi. Chini ya kitanda cha mwisho kulikuwa na sakafu, na juu ya kigoda hapakuwa na kitu. Mimi na Dative, wanawake wawili wenye miaka yote ile ya kazi, hatukukumbuka.

"Muke wangu alizala mwezi uliopita," Josias alisema polepole. "Mama-mukwe wangu alikuwa anamukanda kila asubuhi. Nyumba yote ilikuwa tu maji ya moto. Huyu mama, nani anamukanda?"

"Mama yake hayafika bado," Dative alijibu haraka.

"Na termosi?"

Yule pacha kifuani mwa Cirimwami akaanza kulia, analia kwa njaa, anatafuta, na hakuna anayempa. Nyiramahirwe alijikaza mpaka akashindwa, akanyoosha mikono. Josias aliingia, akamchukua mtoto, akampa mama yake. Kisha akavuta kitambaa cha kichwani.

"Espion!" mmoja wa askari wake alipiga kelele, akageuka na kukimbilia langoni. Nilijua anafuata nini. Nikasikia sauti ya Papa Kambale, "Hapana, hapana, hapana," sauti nyembamba ambayo sijawahi kuisikia kwake. Kupitia dirishani nilimwona amesimama mbele ya bunduki zile, amepanua mikono, kofia imeanguka. Yule askari alikuwa amemshika shingo ya shati.

"Rudia hapa!" Josias alifoka. Askari hakurudi. "Nimesema rudia!"

Alirudi. Lakini alirudi taratibu, akimtazama Josias kwa jicho nisilolipenda, na nikaelewa kwamba kamanda huyu naye kuna mahali uwezo wake unakwisha, na mahali penyewe hapako mbali.

Josias akanigeukia. Sikuwa nimemwona amekasirika, hata siku ya matope.

"Mama, nilikuuliza mara mbili."

"Niliogopa."

"Weye njo ulinilalisha mu matope. Ulisema mutu mwenye kuumia anasema jina yake na grade yake, haguswe. Nilikuamini. Leo nimeacha bunduki ku ukuta, basoda bangu bananicheka, sababu nilikuamini. Na weye mwenyewe haukuamini?"

Nimetukanwa mara nyingi katika kazi hii, lakini tusi lile lilikuwa la kweli, nalo liliniingia hadi mfupani. Niliona aibu, na bado niliogopa, vyote pamoja.

Kisha kutoka kitandani, ndani ya kitenge cha maua ya njano, Cirimwami akasema jina lake. Akasema cheo chake. Akaishia hapo, kama inavyotakiwa.

"Uniforme yake iko wapi?" Josias aliuliza.

"Mu choo," nilisema. "Ni miye niliitupa. Yeye alikataa. Yeye alitaka umuone vile iko. Kama kuko espion hapa, ni miye."

Hakutabasamu. Alikaa kwenye kile kigoda kilichokosa termosi, akajipangusa uso kwa kiganja.

"Nitamubeba," alisema.

"Hapana! Paja limevunjika. Ukimutupa mu camion damu itaanza tena. Mwache hapa, sheria inasema..."

"Mama." Aliinua mkono. "Nyuma yangu kuko bengine. Banakuya leo, ao kesho asubui. Bale haukubafundishaka. Bakimukuta na kitenge, bataanza na yeye, na batamaliza na nyinyi bote. Akiwa na miye, ataandikwa mateka, na atafika kwenye bengine bako."

Kwa mara ya kwanza siku ile mtu mwingine alikuwa anafikiri vizuri kuliko miguu yangu.

"Lakini sina infirmière wa kumufuata," aliendelea. Alinitazama, na nilijua analotaka kusema kabla hajalisema. "Kulikuwa picha moja, ya mwisho. Ulikuwa unaipitisha mbio sababu ya maharage. Miye niliiangalia muzuri. Mateka iko ku machela. Pembeni yake kuko nani?"

Dative alinishika mkono. Nilitaka kusema kwamba nina watoto. Nilitaka kusema kwamba picha ni picha, na aliyeichora alikaa ofisini mbali na hapa. Nilitaka kwenda chooni, kwa kweli. Kisha nikamwona Cirimwami. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama ukuta, ili nisione macho yake na kulazimika.

Nilikwenda kuchukua begi. Nikatia bandeji, chupa mbili za dripu, dawa ya maumivu iliyobaki.

Walimbeba juu ya mlango tulioung'oa wa bohari hadi kwenye lori lao lililosimama nje ya lango. Papa Kambale alifungua lango. Askari walipochukua bunduki zao ukutani, aliokota kofia yake, akaikung'uta vumbi, akaivaa. Lori lilikuwa limeanza kunguruma Dative alipotoka mbio, kanga inamfunguka, beseni mkono mmoja na mkono wa pili termosi ya Nyiramahirwe.

"Shika," alisema akihema. "Tulisahau. Asikuye kukosa tena."

Nikavipokea. Akakimbia kando ya lori hadi pumzi ikamwishia.

Kabla ya Munigi tulisimama. Kamba ilikuwa imefungwa barabarani kati ya mawe mawili, na pale walikaa watu nisiowajua, wachafu, wenye macho mekundu ya kutolala. Josias alishuka. Nilimwona akiongea nao, akionyesha karatasi, na nikaona kwamba hawaitazami. Mmoja wao alimpita begani kana kwamba amepita mti, akaja nyuma ya lori. Bunduki yake ilitangulia kuingia, kisha kichwa.

"Huyu mwanamuke ni nani?" aliniuliza, akielekeza mtutu kwenye kitenge.

Cirimwami alikuwa amefunikwa hadi kidevuni. Kitambaa kilikuwa kimerudi kichwani, kwa ajili ya vumbi. Beseni lilikuwa miguuni, termosi ubavuni. Safari hii hakuna kilichokosekana. Neno moja tu, na huyu angeamini. Nililihisi mdomoni, laini, tayari.

Nikakivua kile kitambaa.

"Haiko mwanamuke," nilisema, na sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. "Ni sergent wa serikali. Ameumia, amekamatwa. Miye ni infirmière yake. Ukimugusa, utanigusa miye kwanza."

Alinitazama. Akamtazama Cirimwami, ambaye alisema jina lake, na cheo chake, polepole, akimtazama yule mtu usoni. Nzi alitua kwenye bandeji na hakuna aliyemfukuza. Josias alikuwa amefika nyuma ya yule mtu lakini hakusema kitu, na nilimchukia na kumhurumia.

"Termosi iko na nini?" yule mtu akauliza.

"Maji ya moto."

Alinyoosha mkono. Nilimimina ndani ya kifuniko. Alikunywa yote akiwa amesimama, mikono miwili imezunguka kifuniko kwa baridi, na bunduki ikiwa inaning'inia. Akanirudishia. Kisha akaenda kuishusha ile kamba.

Lori liliondoka, nami nikamrudishia kitambaa kwa ajili ya vumbi. Nilianza kulia wakati huo, si kabla, kilio cha makamasi, sina hata leso. Cirimwami aliningoja nimalize. Mbele yetu barabara ilipinda, na kwenye kona kulikuwa na moshi, na ng'ambo ya moshi kamba nyingine.

"Mama wa mapicha," alisema kwa sauti ndogo, "baada ya ile ya infirmière na mateka, kunafuataka picha gani?"

Nilitaka kumtungia moja. Nilikuwa nimeshadanganya vya kutosha siku ile.

"Hakuna," nikamwambia. "Ile njo ya mwisho."

Nikamfunika miguu, nikakivua kitambaa chake mapema, kabla watu wa kamba ya pili hawajatuuliza.